Mkate wa Kumimina wa Mama Mdogo Fakhriya

Wawi, Chake Chake
Machi 2011

Mdogo wangu mpenzi Widad,

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia nikiomba karatasi hii ikukute umekaa kitako, mzima wa afya, na shemeji Qais mzima, na watoto wazima, na mama mkwe wako goti lake limepoa. Siye huku tupo, alhamdulillahi. Mikarafuu ya marehemu baba imeshika vizuri, Hudhaifa mwanangu anakusalimu, na jirani yangu Kijakazi anakusalimu kwa sauti kubwa hapa dirishani, na ameniambia niandike kuwa ni kwa sauti kubwa. Nimeandika.

Kabla hujaendelea nina maagizo. Huyo mtu mzima aliyekuletea barua, aliyejifunika nikabu, mkaribishe ndani, mpe maji, mpe na chai, na usimuulize neno lolote mpaka ufike mwisho wa barua. Ana nadhiri ya kunyamaza. Ametoka mbali, amevuka kwa boti mpaka Tanga, kisha akapanda basi mpaka huko kwenu Mombasa, na bahari haikumhurumia. Kikapu alichokishika usikifungue. Nakujua wewe, mkono wako mwepesi.

Utashangaa naandika barua na hali simu ninayo, tena ya tochi. Naandika kwa sababu simu yako wewe ina maradhi. Kila nikikupigia tunazungumza vizuri, tunawasengenya watu, tunacheka, lakini nikifika kwenye neno hospitali mtandao unakatika. Nikadhani ni mnara. Hudhaifa, anayejua mambo hayo, akanambia mnara hauna akili ya kuchagua maneno. Basi nimekuletea karatasi, haina kitufe chekundu. Ukitaka kuikata itabidi uichane, na ukiichana, huyo mgeni wako nimempa nakala ya pili.

Nalisema mapema usije ukadai nilikuzunguka: nataka uende hospitali ukapimwe tumbo. Basi, hilo ndilo lililokuwa likikata mtandao. Wewe mwenyewe ulinambia magauni yanakubana kiunoni tu, mikono na miguu haijanenepa, na ukila mahamri mawili unahisi umekula sinia zima. Ukacheka ukasema ni utu uzima. Na mie nikacheka. Kisha nikaiweka simu nikakaa jikoni nikalia, kwa sababu maneno hayo ni yangu. Ndiyo niliyomwambia Kijakazi mwaka juzi, neno kwa neno, ila mie nilikuwa nasema wali.

Unajua kuwa nilipasuliwa, lakini hujui kwa nini, maana hukutaka kujua. Ulinitumia gauni jekundu na salamu, ukasema nisikueleze, utaota. Basi leo utaota.

Tumbo lilianza kujaa, nikasema ni upepo. Kijakazi akanipa tangawizi, kisha habbasoda, kisha maji ya kusomewa. Kila nikinywa nazidi kujaa. Chooni nikawa nakwenda kama niliyeajiriwa huko. Sasa mie mjane, na tumbo linapanda, pakatokea watu wa kunitazama kwa pembe ya jicho. Kijakazi mwenyewe, ambaye tunaombana chumvi kila siku, akaninong'oneza kwamba kama kuna mtu, basi heri afunge ndoa mapema kabla ya Ramadhani. Nilighadhibika! Nikajifunga kanga nikatoka kwa miguu mpaka Chake kupigwa picha ya tumbo, nimletee ushahidi nimtupie usoni. Ushahidi niliupata. Mtoto hakuwamo. Palikuwa na uvimbe mkubwa kama chungwa kwenye mfuko mmoja wa mayai ya uzazi, na maji yaliyojaa tumboni, na daktari aliyekuwa akinitania tangu nilipoingia akaacha kunitania.

Nikapelekwa Dar es Salaam. Huko nilimkuta Daktari Nahla, msichana wa Unguja, ambaye nilipofungua kinywa tu alicheka akasema huyu Mpemba wetu. Aliniuliza mambo ambayo hata marehemu mume wangu hakupata kuniuliza: nilivunja ungo mwaka gani, hedhi imekatika lini, nimezaa wangapi, nimenyonyesha kwa muda gani, nimewahi kumeza vidonge vya uzazi wa majira. Yote hayo mbele ya Hudhaifa, aliyekuwa akilisoma tangazo la malaria ukutani kwa bidii ambayo skuli hakuwa nayo.

Akanieleza kuwa wanaoyafuatilia maradhi haya ulimwenguni wameona kwamba mwanamke aliyezaa watoto wengi hupatwa kwa uchache kuliko aliyezaa mmoja kama mie, au asiyezaa kabisa. Nilipolileta hilo Wawi, Kijakazi, mwenye watoto kumi na mmoja, alitoka barazani akatangaza kuwa yeye amechanjwa mara kumi na moja. Alitembea na maringo yale mtaa mzima, mpaka nilipomalizia sehemu ya pili, kwamba na vile vidonge vya majira vinapunguza, vile vile anavyowatukania binti zake. Hapo akasema madaktari nao waongo. Nami nikamwambia atulie, maana daktari alisema kupunguza si kuzuia, asije akaacha kulisikiliza tumbo lake kwa ajili ya kiburi.

Saratani ya ovari, Widad. Nimeliandika jina lake, na dari haijaanguka. Daktari alisema ni maradhi yasiyo na adabu: huingia bila hodi, hukaa kimya, na yanapoanza kusema mara nyingi yameshaenea. Wanayapanga kwa hatua. Yakikutwa hatua ya kwanza, bado yamo ndani ya mfuko wake, mtu hupasuliwa, na wengi wao huishi miaka yao wakazozana na wajukuu. Hatua ya tatu ni vita. Mie nilikutwa hatua ya tatu. Wakatoa walichoweza kukitoa, kisha wakanitia dawa ya dripu iliyoninyoa kichwa bila wembe.

Na kuna namba. Hii nataka uielewe, maana nyumba nzima iliugua kwa sababu yake. Katika damu kuna kitu ambacho maradhi haya hukimwaga, wanakipima, inatoka namba. Ya mtu asiye na neno huwa chini ya thelathini na tano. Yangu kabla ya kupasuliwa ilikuwa mia sita na kitu. Nilipomaliza dripu nikatolewa damu, nikarudi Pemba kungoja majibu, na siku zenyewe ndizo zile za uchaguzi wa mwaka jana. Unawajua watu wetu. Mpemba hawezi kungoja namba kutoka Dar es Salaam bila moyo kumwenda mbio. Hudhaifa akasema ikichelewa sana huko, ikirudi si yako tena. Kijakazi akataka tupeleke wakala wetu akae humo humo maabara wakati wa kuhesabu. Matokeo ya urais yakatoka, watu wakashikana mikono, serikali ya umoja wa kitaifa ikaundwa, damu yangu bado inahesabiwa! Hata siku moja simu ikalia: ishirini na sita. Kijakazi alipiga vigelegele mpaka mzee mmoja akaja mbio kutoka msikitini kuuliza ni jimbo gani hilo limekuja.

Niliporudi Dar kuonana naye, Daktari Nahla yeye hakupiga vigelegele. Alisema namba ile si kadhi, ni shahidi tu, na shahidi mmoja hatoshi. Itatazamwa inavyokwenda, kama inashuka au inapanda. Kisha akaniuliza swali lililokuja kuniharibia jina kisiwa kizima. Aliuliza nani mwengine katika upande wa mama aliugua tumbo. Nikamwambia ni mama yetu peke yake, na yeye hakuugua, alilishwa mkate.

Wewe kisa hicho unakijua, lakini wacha nikiandike kama nilivyomweleza yeye, maana kwenye karatasi ndipo utakapokiona kilivyo. Kwamba siku ya Idi, mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mama alikwenda kumtazama mdogo wake, Mama Mdogo Fakhriya, ambaye mumewe Marhoun alikuwa amechukua kadi ya chama tawala, wakati nyumba yetu siye ilikuwa upinzani kuanzia baba mpaka mbuzi wa uani. Kwamba huko alikula mkate wa kumimina, vipande viwili. Kwamba mwezi ule ule tumbo lake likajaa, na baada ya mwaka na nusu tukamzika. Kwamba tangu hapo hakuna mtu wa nyumba ya baba yetu Hamad aliyesema na Fakhriya, wala kula chake, wala kumpa kikombe cha kahawa alipokuja matangani akakaa peke yake pembeni. Na wewe ulimwambia mbele za watu kuwa hutatia mdomoni kitu kilichotoka mkononi mwake mpaka unaingia kaburini.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama mie nami nimekula mkate huo. Nikasema hasha, chake sijakigusa miaka kumi na tano. Akaniuliza, kwa upole kabisa, basi tumbo langu mie limejazwa na mkate wa nani. Nilipanda boti kurudi Pemba, na swali lake nimelibeba.

Alikuwa ameniagiza nimletee ukoo: bibi mzaa mama alikufa kwa nini, na dada zake, na walikuwa na umri gani. Nikaona kazi nyepesi hii. Nikaanzia Chokocho kwa Mzee Soud, binamu yake mama, mtu wetu wa chama kimoja tangu mwanzo. Nikamuuliza kwa adabu Bibi Zeyana alikufa kwa maradhi gani. Mzee Soud akajiweka sawa kitini, akasema Bibi Zeyana hakupata kuugua hata mafua. Alisujudu alfajiri ya Ijumaa na hakuinuka tena. Na dada yake, Bibi Aziza? Akasema huyo alikufa kwa uzee. Uzee gani, Widad, wa mtu aliyeacha mtoto bado ananyonya? Kisha akamwita binti yake Raniya alete soda, na Raniya akaja saa nne ya asubuhi kavaa dhahabu zote za nyumba ile, kapaka wanja, kafukizwa udi. Akapita mbele yangu, akarudi, akapita tena, na soda yenyewe aliisahau.

Kule kisiwa cha Fundo nako vile vile. Niliambiwa katika ukoo wetu watu hawafi kwa maradhi, wanachoka tu. Nikarudishwa na kapu la pweza mkavu na salamu chungu nzima kwa Hudhaifa, ambaye hawajapata kumwona.

Kijakazi ndiye aliyenifumbua macho. Aliniuliza kama nimerogwa au ndivyo nilivyozaliwa. Mwanamke mwenye kijana wa miaka ishirini na saba hajaoa, anapita nyumba hadi nyumba akiuliza ukoo huu una maradhi gani, watu watadhani anatafuta nini kama si mke wa mwanawe? Si unajua tunavyochunguzana kabla ya posa! Kifafa, ukoma, wazimu, kila nyumba hufukia vyake. Mie nilikuwa natafuta maradhi, wao walikuwa wananiuzia afya. Hudhaifa, maskini, akawa hapiti tena njia ya Chokocho ila kavaa ile kofia ya pikipiki, hata anapokwenda kwa miguu.

Nikamuuliza Kijakazi, basi ukweli nitaupata wapi. Akasema aibu ya kwenu hakwambii mtu wa kwenu, hiyo kamuulize mpinzani wako. Nani anayejua mliyoyafukia kuliko aliyekaa miaka kumi na tano akiyafukua? Nilijua anamsema nani. Usiku sikulala, nikasema ya Mungu mengi.

Nilikwenda Wete kwa Mama Mdogo Fakhriya baada ya adhuhuri. Marhoun alishatangulia mbele ya haki, watoto wapo Unguja, yeye amebaki na paka mweupe. Nikapiga hodi. Akafungua, akaniona, akageuka akamwambia paka kuwa kuna mtu mlangoni, na kama mtu huyo anaingia basi aingie, kuku wasije wakamtangulia. Nikatoa salamu. Akamwambia paka aitikie. Baadaye ndipo nilipojua kuwa aliapa siku zile za matanga: ulimi wake hautasema na mtoto wa Hamad mpaka mmoja wetu ale mkate wake, kwa mdomo wake, ndani ya nyumba yake.

Basi mie nikauliza, na yeye akamjibu paka. Na alivyojibu! Bomba lililozibwa muda wote ule lilifunguka. Alimwambia paka kwamba Zeyana, mama yao yeye na marehemu dada yake, alikufa na tumbo kama mtungi, akitolewa maji kwa sindano hospitali tangu wakati wa Mwingereza, na hiyo sijda ya alfajiri Soud kaitoa wapi, maana kwa tumbo lile mama yao hakuweza hata kuinama kuvaa viatu. Kwamba Aziza alikufa na miaka thelathini na nane, tumbo lile lile, na yule mtoto aliyebaki ananyonya ndiye huyo huyo Soud, anayesema mama yake alikufa kwa uzee. Akamwambia paka kwamba dada yake, mama wa hawa wasio na shukurani, alipokuja siku ile ya Idi tumbo lilikuwa limeshaanza kujaa. Alikuwa kafungua vifungo vya gauni vya ubavuni na kafunika kwa kanga, hakutaka wanawe wajue. Wiki nzima chakula hakikumpita kooni. Vile vipande viwili vilimpita kwa sababu ulikuwa mkate wa mama yao, kwa mkono ule ule waliofunzwa wote wawili. Paka akashuka kitini akaenda zake uani.

Nikamwambia, na sasa paka hayupo, kwamba daktari amesema maradhi haya pengine hupita katika damu ya ukoo, kwa mama kwenda kwa binti, na mkate haukuwa na kosa. Nikamwomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu yote, walio hai na waliokufa. Akaingia jikoni, akakaa huko mpaka nikadhani nimefukuzwa. Akatoka na sahani. Mkate wa kumimina, Widad, unanukia iliki na tui, umeungua kidogo pembeni kama mama alivyokuwa akiupenda. Nikala. Nikala vipande vinne. Akanitazama mpaka nikameza cha mwisho, ndipo aliposema na mie neno lake la kwanza tangu tumzike mama: akasema nimekonda mno, nimekuwa kama mwiko. Tukashikana tukalia mpaka paka akarudi kutazama kuna nini.

Na katika kule kushikana ndipo nilipolihisi tumbo lake. Gumu, limejaa, chini ya kanga mbili, na mtu mwenyewe mikono vijiti. Nikamwambia kesho twende Chake. Akasema haendi. Miaka yote hii amekaa peke yake, amekula Idi peke yake, na kitanda cha daktari hatakipanda peke yake. Atakwenda siku atakayokwenda na mtoto wa dada yake. Nikamwambia si ndiye mie huyu? Akasema wewe umeshapasuliwa, huna la kuogopa, mie namtaka wa kuogopa naye.

Ukoo nikaupeleka kwa Daktari Nahla umekamilika. Akasema hajapata kuletewa historia ya familia iliyonyooka kama ile. Nikamwambia kwetu siye ukitaka takwimu za kweli waulize wasiosemana. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema bibi, dada wa bibi, mama, na mie, hili si jambo la kungojwa. Mdogo wangu apimwe sasa, na mama yetu mdogo apimwe sasa, na binti zako wakikua wajue walikotoka. Kupimwa si kufa, Widad, wala kulitaja jina si kuliita. Ni picha ya tumbo na damu kidogo. Huenda mkaambiwa hamna kitu, mkarudi nyumbani mnanitukana njia nzima. Kila nikisali naomba hilo, mnitukane.

Sasa nikupe lile nililokuficha. Nilikwambia namba yangu ni ishirini na sita, na kweli ilikuwa ishirini na sita. Mwezi uliopita imetoka mia na kumi, na picha imeonesha yamerudi. Safari hii shahidi hayuko peke yake. Wiki ijayo narudi Dar kwa dripu nyingine. Sikwambii ili ulie, na kama umeshaanza, futa, utalia baadaye ukipata nafasi. Nakwambia kwa sababu mie nilikwenda hospitali kumkomoa Kijakazi, na nikachelewa. Wewe nenda mapema, hata kama ni kwa kunikomoa mie. Naogopa, mdogo wangu. Naipenda dunia hii na watu wake wote, hata waongo wa Chokocho, na dripu nitakwenda nitiwe yote wanayoitaka. Lakini zaidi ya hayo yote nakutaka wewe uzeeke.

Ndiyo maana sikuweza kuja mwenyewe kukushika mkono, nikamtuma mtu. Umeshampa chai? Mtazame sasa. Mwambie aiondoe nikabu.

Ndiye, Widad. Kaa, usinyanyuke. Nilimwapisha asiseme neno mpaka umalize kusoma, na yule mwanamke kunyamaza kutoka Wete mpaka Mombasa, basi ujue anakupenda. Shemeji Qais anajua yote, usimgombeze. Kama yupo hapo mlangoni anasoma gazeti, basi hajui hata anasoma nini. Ameshazungumza na hospitali, kesho asubuhi mnangojwa wote wawili. Na Mama Mdogo ameapa tena, maana ndiyo kazi yake: hakipandi kitanda cha daktari kabla hujakipanda wewe, na harudi Pemba hajapimwa. Kwa hiyo ukikataa, umepata mgeni wa maisha. Paka ameniachia mie, na tangu juzi ananitazama usoni, anangoja nimwambie kitu.

Sasa kifungue kikapu. Ule mkate kaupika mwenyewe usiku wa kuamkia safari, mie nimekaa jikoni namtazama, kuanzia kuroweka mchele mpaka kuupalia moto. Utaona una pengo upande mmoja. Kipande hicho nimekila mie, ujue hauna kitu. Kinachofuata ni chako.

Wape watoto salamu zangu, mmoja mmoja kwa jina lake, na mama mkwe wako umwambie goti alikande kwa mafuta ya karafuu niliyoyatia chini ya kikapu. Kijakazi amechoka kusimama dirishani, anasema nifunge barua. Mungu akulinde, akushike mkono pale mie nisipofika, na atukutanishe tukiwa wazima.

Mkitoka hospitali nipigieni. Nitakuwa nimekaa na simu mkononi, na huku kwetu siku hizi mtandao ni mzuri, haukatiki.

Ni mie dada yako akupendaye,
Bimkubwa binti Hamad